Wazee wa Gitega na Muyinga: aliye karibu halipwi, anayelipwa yuko mbali

Mfanyabiashara wa Muyinga anayevuka Kobero kwenda Ngara kwa siku tatu humwachia nani mama yake mzee? Jirani. Na huenda jirani huyo ni mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi, shirika lenye vikundi hadi ngazi ya kolini. Humlimia mzee, humwezekea nyumba, husaidia kumbeba kwa machela hadi kituo cha afya. Mshahara hana, na siku anayomlimia mwenzake shamba lake mwenyewe linasubiri.

Anayelipwa ni ofisa wa kituo cha maendeleo ya familia na jamii, CDFC, kwenye komini. Huyo ndiye wa kufuatilia mzee anayenyanyaswa au mjane anayenyang'anywa shamba, mambo ambayo moyo wa kujitolea pekee hauyawezi. Lakini mgawanyo mpya wa nchi, ulioanza kutumika mwaka 2025, umepunguza komini kutoka 119 hadi 42. Gitega imebaki na mkoa wake. Muyinga imeingizwa Buhumuza, wenye makao makuu Cankuzo. Utawala umepungua gharama, pengine, ila mwendo wa mzee umeongezeka.

Pesa nazo zina masharti. Mradi wa Merankabandi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulianzia Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi, Muyinga haikuwamo. Kaya maskini ilipata faranga 40,000 kila miezi miwili, mradi iwe na mtoto wa chini ya miaka 12. Bibi anayelea mjukuu aliweza kuingia, lakini bibi anayeishi peke yake, ambaye ndiye mwenye shida zaidi, aliachwa nje. Pensheni ya INSS ni ya waliochangia, na muuza dagaa wa sokoni kwa kawaida hakuchangia.

Zanzibar imekuwa ikiwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi tangu Aprili 2016, wawe walichangia au la. Burundi haijafika huko. Kwa sasa kinachowezekana ni kidogo zaidi: si kumlipa kila anayechota maji, bali kuwa na ofisa anayefika kolini, mwenye pikipiki na mafuta. Na habari ya mafuta Burundi, wanaopita Kobero hawahitaji kusimuliwa.