Mvua ya Mariakani na chaza wa hori la Tudor

Mawe ya ukingo wa Bandari ya Kale, chini ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, yamejaa chaza. Maji yakipwa huonekana wazi, wameng'ang'ania mwamba kwa makali yanayoweza kumpasua mguu asiyevaa viatu. Hawa wamestahimili mengi: jua la mchana, mafuta ya vyombo, na bamvua linalopandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita tatu. Anayewatazama hudhani kuwafuga si kazi, kwamba ni kufunga kamba kwenye chelezo, kungoja na kuvuna. Dhana hiyo inaweza kukifilisi kikundi kizima, kwa sababu chaza anayeonekana mwambani ni yule aliyekwisha kuvuka utoto wake.

Utoto huo ndio wenye hatari, na hatari kubwa huja na mvua.

Maji ya bahari kuu hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Samaki wengi hulinda chumvi ya damu yao hata maji yanayowazunguka yakibadilika. Chaza hawezi. Chumvi ya nje ikishuka, maji huingia katika seli zake na kuzivimbisha. Chaza mkubwa ana kinga moja ya maana: hufunga ganda lake kabisa na kuishi kwa akiba ya mwilini, bila kula, siku kadhaa mpaka bahari itengemae. Chaza mchanga hana akiba ya kumfikisha huko. Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo huelea majini akiwa kiluwiluwi asiyeonekana kwa macho matupu, na ganda lake la kwanza hulijenga kwa chokaa ya maji hayo hayo. Maji matamu yakizidi, chokaa hupungua, ujenzi huchelewa, na nguvu ambazo zingemkuza huishia katika kupigania uhai. Hata akishajishikiza kwenye jiwe au kamba, ganda lake bado ni jembamba. Asipokufa, atadumaa, na mfugaji aliyetarajia kuvuna mwaka huu atajikuta akingoja zaidi.

Kinachoua si kiwango peke yake, bali pia kasi ya mabadiliko. Chumvi ikishuka polepole, mwili hupata nafasi ya kujirekebisha. Ikishuka ghafla kati ya asubuhi na jioni, nafasi hiyo haipo. Wanaolea vifaranga vya chaza matangini hulijua hili, nao hubadilisha chumvi hatua kwa hatua. Hori halina mtu wa kulisimamia namna hiyo.

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mahori mawili. Kaskazini, hori la Tudor hupokea mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu, inayokusanya maji ya nchi iliyopanda hadi upande wa Mariakani. Magharibi, hori la Port Reitz hupokea Mwache na mito mingine. Wakati wa kiangazi mito ya Tudor huwa kama haipo, na chumvi ya ndani ya hori hukaribia ile ya bahari, au hata kuipita pale penye maji haba yanayochomwa na jua. Masika yakifika, na hasa mwezi wa Mei, mambo hugeuka. Mvua iliyonyesha mbali, pengine wakati mjini penyewe ni pakavu, huteremka na matope yake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hata mikoko ya Mwache ikafa kwa wingi. Kinachoweza kuua mkoko hakiwezi kumwacha salama chaza wa ukubwa wa ukucha.

Chaza wa mwambani si mgeni kwa wanasayansi wa pwani hii. Mwaka 1961 watafiti V. D. van Someren na P. J. Whitehead walichapisha utafiti wao kuhusu maisha yake na namna ya kumfuga hapa Kenya, na baadaye majaribio yalifanyika Gazi, Kwale. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoundwa 1979, ina makao yake Mkomani, ng'ambo ya maji tu kutoka Mji wa Kale. Elimu, basi, ipo karibu mno na maji yanayohusika.

Lakini maji yenyewe yamebadilika. Kwa miaka mingi tuta la Makupa lilizuia maji kupita kati ya Tudor na Port Reitz. Daraja lililochukua nafasi yake lilifunguliwa 2022, na mojawapo ya malengo yake ni kuyaacha maji yapite tena. Huko Kwale, bwawa linajengwa katika mto Mwache, nalo litabadilisha kiasi cha maji matamu yanayoingia Port Reitz na majira yake. Mtu anayechagua pa kuweka chelezo leo kwa vipimo vya kabla ya daraja anatumia ramani ya mji uliokwisha kujengwa upya.

Marekani imeonyesha hasara iletwayo na maji matamu inavyokuwa. Mwaka 2019 mto Mississippi ulifurika hadi lango la Bonnet Carré, karibu na New Orleans, likafunguliwa mara mbili, jumla ya siku 123. Maji ya mto yalimwagika katika ghuba na kuangamiza sehemu kubwa ya chaza wa jimbo la Mississippi. Wavuvi waliumia, ila hawakubaki na maneno matupu: vipima chumvi vilikuwa majini, rekodi zilikuwepo, na mwezi Septemba serikali kuu ikatangaza janga la uvuvi, hatua iliyofungua mlango wa msaada.

Mfugaji wa Tudor akipoteza vifaranga vyake masika haya, ataonyesha nini?

Kaunti ya Mombasa na KMFRI zinapaswa kuweka vipima chumvi vya kudumu ndani ya mahori yote mawili, kuanzia penye midomo ya mito hadi, upande wa Tudor, karibu na daraja la Nyali, na kuvituma vipimo vyake kwa simu, kwa Kiswahili, kwa viongozi wa vikundi. Habari hiyo ina matumizi ya papo hapo. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi; mfugaji aliyeonywa mapema anaweza kuteremsha kamba zake chini ya tabaka hilo, au kukokota chelezo kuelekea mdomo wa hori. Akiogopa matope au maji machafu yanayoteremka na mvua hiyo hiyo, anaweza pia kuahirisha kuvuna.

Na kabla ya mradi wowote kugawa maboya na kamba, mahali pa kufugia papimwe mwezi wa Mei, mito ikiwa imejaa. Kipimo cha Februari kilichochukuliwa peke yake kisitumike kumshawishi mtu yeyote kutia pesa zake majini.