Kabla ya Marumaru: Somo la Doha kwa Viwanja Vyetu Vidogo

Mgeni anayetoka Ulaya kwenda Mafia au Lamu anaweza kabisa kupitia Doha. Huko anasubiri saa kadhaa katika Uwanja wa Ndege wa Hamad, uliofunguliwa mwaka 2014 kwenye ardhi ambayo sehemu yake kubwa ilipatikana kwa kufukia bahari. Mwaka 2024 uwanja huo ulihudumia abiria zaidi ya milioni 50, na Skytrax, taasisi inayopima ubora wa viwanja na mashirika ya ndege, iliutaja kuwa bora duniani mwaka 2021, 2022 na 2024. Kisha anabadili ndege Dar es Salaam au Nairobi, na hatimaye anashuka katika kiwanja cha Kilindoni, kisiwani Mafia, au cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Kwa siku mbili amepita penye fahari kubwa na penye uchache mkubwa. Je, viwanja vyetu vidogo vijifunze nini kutoka Doha? Msimamo wangu ni kwamba tuanze na utaratibu wa kumhudumia mtu. Majengo yasubiri zamu yake.

Historia ya Doha yenyewe inaniunga mkono. Shirika la Qatar Airways lilichaguliwa na Skytrax kuwa bora duniani mwaka 2011 na tena 2012. Miaka hiyo Hamad ilikuwa bado haijafunguliwa. Shirika lilitumia uwanja wa zamani uliobanana, ambako abiria walisombwa kwa mabasi kati ya ndege na jengo. Sifa ilitangulia, marumaru zikafuata. Kwa hiyo kiongozi anayesema huduma itakuwa nzuri jengo jipya likikamilika anatupa udhuru.

Ni kweli kwamba wapitao Hamad hupenda kupiga picha na yule dubu wa njano mwenye kimo cha mita 7, au kutembea katika bustani ya ndani iliyofunguliwa mwaka 2022. Lakini mwenye safari ndefu na watoto wawili anahitaji mambo mengine: maji ya kunywa bila malipo, choo safi saa nane za usiku, kibao kinachosomeka, chumba cha kuswalia, na mtu aliyevaa sare wa kumuuliza njia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji utajiri wa gesi.

Tutazame Manda. Abiria akishuka, mzigo wake hupelekwa kwa mkokoteni hadi gatini, naye huvuka kwa boti kwenda mji wa Lamu. Kwake yeye safari haijaisha mpaka akanyage ng'ambo, hivyo gati ni sehemu ya uwanja, liwe chini ya mamlaka yoyote ile. Nauli za boti ziandikwe mahali pa wazi, ili mgeni asitozwe kwa kukadiriwa sura. Ngazi ziwe salama kwa mzee na mjamzito maji yanapokupwa. Maboya ya kujiokolea yavaliwe, yasikae tu chini ya viti. Kilindoni mahitaji ni machache zaidi, kwa sababu mji uko karibu: kivuli, maji, choo, na mtu wa kueleza ndege imechelewa kwa nini na itafika saa ngapi.

Tukumbuke pia abiria wenyewe ni nani. Mazungumzo ya viwanja hivi huishia kwa mtalii anayekuja kuogelea na papa potwe. Lakini kwenye foleni hiyo hiyo ya kupima mizigo yupo mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili, yupo mwalimu anayerudi kazini, yupo mfanyabiashara. Mtalii asiporidhika atachagua kisiwa kingine mwakani. Mkazi hana pengine pa kwenda.

Kuna huduma moja iliyo juu ya zote, nayo ni uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliowahi kufika, kwa mitumbwi yao. Ushujaa wao unastahili heshima, lakini uwanja ulio kandokando ya maji haupaswi kutegemea bahati ya wavuvi kuwa karibu. Boti ya uokoaji yenye mafuta na watu waliofunzwa ina thamani zaidi kuliko ukumbi wowote wa kioo.

Wapo watakaosema kiwanja chenye ndege chache kwa siku hakiwezi kugharamia haya. Hoja hiyo ina uzito kwa vifaa vikubwa, ndiyo maana mapato ya viwanja vikubwa yanapaswa kuvibeba vidogo. Kwa maji na choo, haina uzito. Abiria ameshalipa tozo ya huduma ndani ya tiketi yake, na ana haki ya kuiona huduma hiyo.

Wengine watasema hatuna wahudumu wenye ujuzi. Waende Doha wakaone. Vijana wa Kenya na Uganda wapo huko, katika ulinzi, mahoteli na mapokezi. Ni walewale wa kwetu, ila wamefunzwa, wanasimamiwa na wanalipwa. Hapa pia tusiige kwa upofu. Ukarimu wa Doha umebebwa na wageni ambao kwa miaka mingi walifungwa na mfumo wa mdhamini. Sheria za kibali cha kutoka nchini na za kubadili mwajiri zililegezwa kuanzia 2018 hadi 2020, na kima cha chini cha mshahara cha riyal 1,000 kwa mwezi kikaanza Machi 2021. Huduma njema inayomkandamiza anayeitoa si ya kuiga.

Mamlaka za viwanja vya ndege za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar zinaweza kuanza mwaka huu bila kusubiri mkopo. Kila kiwanja kidogo kibandike mlangoni ahadi zake: maji, choo, taarifa za safari, nauli za kuendelea mbele, uokoaji, na namba ya simu ya msimamizi wa zamu. Nawe abiria, ukikuta ahadi haikutimizwa, piga namba hiyo kabla hujapanda ndege.