Baiskeli ya mbio ya mtumba: Pima mwili kwanza, jina baadaye

TANGU mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike hapa Kigali Septemba 2025, ikiwa ni mara ya kwanza kufika bara la Afrika, swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa mtaani kwetu ni moja: "Mzee, nitapata wapi baiskeli ya mbio ya bei nafuu?"

Ni swali la haki kabisa. Aliyesimama kwenye mawe ya Kimihurura akamwona Tadej Pogačar akipanda peke yake, au akamwona Magdeleine Vallieres wa Kanada akielekea kwenye ubingwa wa wanawake, hawezi kurudi nyumbani akalala usingizi wa kawaida.

Wala si ndoto ya bure. Kuanzia 2014 hadi 2018 mshindi wa Tour du Rwanda alikuwa Mnyarwanda kila mwaka. Kijana anayebeba ndizi kwa baiskeli kutoka kijijini hadi sokoni ana miguu. Anachokosa ni chombo.

Baiskeli mpya ya mbio hawezi kuigusa. Kwa hiyo anaingia kwenye mtumba, na huko ndiko anakoliwa.

Nimeendesha baiskeli za mbio za mtumba kwa miaka mingi, na jioni nyingi nakaa kwa fundi wangu Nyamirambo nikitazama zinazoletwa pale na wanunuzi wapya. Nasema bila kuficha: wengi hawakununua baiskeli. Wamenunua jina lililoandikwa kwenye bomba.

Wanataka jina la Kiitaliano, au lile waliloliona kwenye televisheni. Wanaangalia rangi, wanainua kwa mkono mmoja kuona kama ni nyepesi, wanatoa fedha. Hakuna anayeuliza fremu hii ilitengenezwa kwa mtu wa urefu gani.

Kijana mmoja jirani yangu aliuza ndama, akaongeza zamu yake ya ikimina, akanunua baiskeli nzuri sana kwa macho. Fremu ilikuwa ya sentimita 60. Yeye urefu wake haufiki mita 1.70. Alishusha kiti hadi mwisho, bado alikuwa anauendea usukani kama mtu anayechungulia kisima.

Kupanda mlima alivumilia. Kushuka ndiko kulikomtisha, maana vidole vilizifikia breki kwa kuvutwa, na kwenye miteremko yetu breki isiyofikiwa vizuri ni sawa na breki ambayo haipo. Baada ya miezi miwili mgongo uliuma, mikono ikafa ganzi, akaiuza kwa nusu ya bei. Ndama hakurudi.

Si bahati mbaya kwamba fremu kubwa zimejaa. Mtumba mwingi wa baiskeli hutoka Ulaya, na Mholanzi na Mjerumani ni watu warefu. Fremu za sentimita 58 na 60 ndizo za kawaida kwao, ndizo zinazojaa kwenye kontena, na ndizo muuzaji anazotaka ziondoke. Atakuambia "utaizoea". Ndugu yangu, mfupa wa paja hauongezeki kwa kuzoea.

Kujipima ni kazi ya dakika mbili. Vua viatu, simama umeegemea ukuta, bana kitabu kati ya mapaja kikaze juu kabisa, mwambie mwenzako apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.65, kisha kwa 0.67.

Mguu wa sentimita 80 utakupa fremu ya kati ya 52 na 54. Hiyo ni hesabu ya fremu za zamani zenye bomba la juu lililonyooka sawa na ardhi, na ndizo nyingi katika mtumba wa bei ndogo. Kama bomba linainama kuelekea nyuma, hesabu hiyo itakudanganya. Kalia, shika usukani karibu na breki, na uone kama viwiko vinakunjika kidogo. Vikinyooka kama fito, ni kubwa.

Fremu ikikaribia kipimo chako, ikawa ndogo kidogo, inaweza kusaidiwa kwa kupandisha kiti na kubadili shingo ya usukani. Fremu kubwa haina dawa.

Baada ya kipimo ndipo tuje kwenye uzima. Hapa nina msimamo ambao wapenda mambo mapya hawaupendi: anayeanza asinunue fremu ya kaboni ya mtumba. Kaboni ni nyepesi na ni nzuri, lakini ikishaanguka inaweza kuficha ufa chini ya rangi, na huwezi kujua iliangukia wapi huko ilikotoka. Chuma hupinda kabla ya kukatika. Kaboni inaweza kuvunjika ghafla, na kama ni uma wa mbele unaovunjika katikati ya mteremko, hakuna cha kusimulia.

Chukua alumini au chuma. Kwa alumini, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji na utazame penye viungo vilivyochomelewa, hasa chini ya usukani na pale krenki zinapopita. Mstari mwembamba kama unywele unaweza kuwa ufa, usiununue. Kwa chuma, tazama rangi iliyovimba kama kipele, maana ndani kuna kutu. Chuma kina faida moja kubwa kwetu: fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukiokoa.

Jaribu pia kulegeza kiti na kukivuta juu. Bomba la alumini lililokaa miaka kumi ndani ya fremu ya chuma bila grisi huwa limeshikana kama mtu na pacha wake. Nimeona mafundi wawili wakipigana nalo siku nzima. Kama kiti hakisogei, kipimo chako chote hakina maana.

Sasa magurudumu, jambo ambalo huwatoa watu machozi kimyakimya. Zipo saizi tatu zinazofanana kwa macho na haziingiliani hata kidogo. Baiskeli za mbio za sasa zinatumia 622. Baiskeli nyingi za mbio za zamani, za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, zilitumia 630, ambayo huitwa inchi 27. Na zile baiskeli nyeusi za mizigo tunazozijua sote, za Kichina na Kihindi, zinatumia 635.

Balaa ni kwamba 622 na 635 zote dukani unaweza kusikia zikiitwa 28. Mtu anaagiza tairi "ya 28", anarudi nayo nyumbani, inacheza kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Usisikilize jina, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 25-622, 32-630, 40-635. Ukikuta 630, kabla ya kulipa nenda kwanza madukani uulize kama tairi hizo zinapatikana. Na ukikuta tairi zilizogundishwa kwenye rimu kwa gundi, mwachie mwenyewe.

Rimu nazo zinalika. Breki za kubana ubavu hula chuma cha rimu kidogo kidogo, hasa penye vumbi na matope. Pitisha kidole pale raba zinapogusa. Ukihisi bonde, rimu hiyo ni ya kubadilishwa, na bei yake itoke kwenye bei ya muuzaji.

Wengi sasa wanazikimbia breki hizo wakitafuta za diski kwa sababu ndizo walizoziona kwa mabingwa. Mimi nasema wakimbie tu. Wenzetu wa Ulaya waliohamia kwenye diski wametuachia baiskeli nzuri za breki za kawaida kwa bei iliyoshuka, na kila fundi wa mtaani anaziweza. Diski za mafuta zinahitaji vifaa na maarifa ambayo si kila banda linayo.

Gia ndizo zitakazokuambia kama baiskeli ilitengenezwa kwa ajili ya tambarare za Uholanzi au milima yetu. Hesabu meno. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zina gia ndogo ya mbele ya meno 39 au hata 42, na kubwa ya nyuma ya meno 23. Kwa 39 na 23, kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 3 na nusu hivi. Kwa 34 mbele na 28 nyuma unasogea mita 2 na nusu tu.

Tofauti ya mita moja inaweza kuonekana ndogo ukiwa umekaa. Ipeleke kwenye mlima wa Nyamirambo, au kule Mlima Kigali, utaijua. Anayeanza akibanwa na gia nzito anasimama juu ya pedali, anaumiza magoti, na baada ya mwezi anasema mchezo huu si wake. Fundi anaweza kuweka gia kubwa zaidi nyuma, lakini mwulize kwanza, kwa sababu mikono mingi ya gia ya zamani haikutengenezwa kuzidi meno 28 hivi.

Mnyororo upime kwa rula. Ukiwa mpya, kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, umeshakula na gia zake, nawe utanunua vyote.

Kisha bofya vishikio vya breki vyenye gia ndani, kimoja kimoja, gia zote, kupanda na kushuka. Hivyo ndivyo vya ghali kuliko karibu kila kitu baada ya fremu na magurudumu. Vingine havijafa, ni grisi ya zamani iliyoganda, na fundi ataviamsha kwa mafuta. Lakini usilipe kwa matumaini hayo. Lipa kana kwamba vimekufa.

Yaliyobaki ni mepesi. Bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma uone kama usukani unagonga. Shika krenki mbili uzitikise. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Beringi na spoku si za kukukatisha tamaa, ni za kukupunguzia bei.

Na hapa ndipo hesabu za wengi zinapopinda. Mwenye faranga laki tatu anatafuta baiskeli ya laki tatu. Atafute ya laki mbili na ishirini. Inayobaki ni ya tairi, mnyororo, nyaya za breki na kofia ngumu. Baiskeli ya mtumba ambayo haidai kitu siku ya kwanza, mimi bado sijaiona.

Wapo watakaosema kwamba maskini hachagui, na kwamba kijana akipata yoyote ashukuru. Sikubali. Tajiri akikosea fremu ananunua nyingine wiki ijayo. Huyu aliyeuza ndama ana nafasi moja, na kwa sababu hiyo ndiye anayestahili kuchagua kwa makini kuliko wote. Subira ya miezi mitatu ukisubiri fremu ya 52 haigharimu kitu.

Wauzaji nao siwalaani. Wengi wanauza kwa kilo ya maneno kwa sababu hakuna anayewauliza zaidi. Lakini muuzaji anayekataa mteja kuizungusha baiskeli hata mita mia, kwa kisingizio kwamba itachafuka, huyo anajua kitu ambacho wewe hukijui. Kadhalika namba iliyochongwa chini ya fremu, pale krenki zinapopita: kama imekwanguliwa, ondoka. Bei rahisi ya kitu cha wizi hulipwa polisi.

Klabu zetu za baiskeli ndizo ningependa zisikie zaidi. Zina mafundi, zina vipimo, zina wakufunzi wanaoweza kumtazama kijana akiendesha hatua ishirini wakajua kama fremu ni yake. Jumamosi moja kwa mwezi, kwa ada ndogo, wamkagulie yeyote anayetaka kununua, kabla hajalipa. Na baiskeli ambazo klabu imezichoka ziuzwe hadharani, kila moja ikiwa na kikaratasi kwenye usukani: kipimo cha fremu, namba ya tairi, meno ya gia.

Fremu ndogo, za 48 na 50, ni adimu kwenye makontena, na wasichana wengi wanaotaka mchezo huu wanazihitaji hizo hizo. Kila mara naona msichana akifundishwa mbio juu ya baiskeli ya kaka yake, kiti kimeshuka hadi kwenye bomba, na kocha analalamika kwamba anaogopa kushuka. Fremu hizo zikitokea, muuzaji asimpe wa kwanza anayekuja kutafuta baiskeli ya mwanawe ya kuchezea uani. Ampigie simu kocha kwanza.