Nyeupe ya Pinterest haifai Kisauni

Nitasema na mtu akasirike akitaka: wengi wetu hatujui kuchagua rangi nyeupe, kwa sababu tunadhani hakuna cha kuchagua. "Nyeupe ni nyeupe bana, leta ya bei rahisi." Mvua za Mei zikipita, rangi inabambuka, kona imeota ukungu, na fundi ndiye anatukanwa.

Haya skizeni. Ingia hadiwea yoyote, Mtongwe, Mtopanga ama Magongo, uulize nyeupe. Utatolewa aina tatu au nne. Kuna ile kali kabisa, ina ubuluu kwa mbali. Kuna ya maziwa. Kuna inayoelekea krimu. Ndani ya kopo zote zinafanana. Ukutani kila moja ina tabia yake.

Hizo sebule mnazosevu kwa simu, nyingi ni za Ulaya. Kule jua ni hafifu, miezi mingine linaonekana masaa machache tu, kwa hivyo wanatafuta kila chembe ya mwanga. Wewe unakaa Likoni, dirisha linaangalia uwanja wazi, saa sita jua linaingia kama limealikwa. Ukipaka nyeupe kali hapo utakaa kwako umekunja uso. Chukua ya maziwa, macho yapumzike.

Sasa geuza. Uko Kisauni kwenye ploti, dirisha lako na ukuta wa jirani wanasalimiana. Watu hudhani chumba cha giza dawa yake ni nyeupe kali. Hapana! Nyeupe haitoi mwanga, inarudisha ule ilioupata. Kama hakuna wa kurudisha, ile kali inageuka kijivu na chumba kinakuwa kama mochari. Hapo ndipo krimu nyepesi inasaidia, pamoja na balbu ya mwanga wa njano. Na angalia nje pia: mwarobaini dirishani utaleta ukijani ndani, mabati ya buluu yataleta ubuluu.

Wazee wa pwani hii walilijua hili kitambo. Nyumba za mawe za Lamu na Mji wa Kale zina kuta nene na madirisha madogo, na ndani ni lipu ya chokaa, nyeupe, yenye vidaka. Weupe ule ulikuwa na kazi ya kusambaza mwanga mchache uliofika ndani. Tena chokaa inaacha unyevu wa ukuta utoke, na ukungu hauipendi. Ubaya wake inaacha unga kwa nguo, ukiegemea na shati nyeusi umekwisha.

Hapa ndipo pesa zinapotea. Nyumba nyingi huku ziko karibu na bahari, na zingine zimejengwa kwa maji ya kisima yenye chumvi. Unyevu ukipanda, unabeba chumvi hadi juu ya ukuta. Ule unga mweupe unaouona chini chini, karibu na sakafu, ndio huo. Ukiupaka rangi ya mafuta juu umeufungia mlango, na utautoka kwa nguvu, rangi yote chini. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, ukuta ukauke, piga brashi kavu na msasa, halafu ndio rangi ya maji. Na kama chini kuna chokaa ya zamani inayotoka unga, ikwangue, la sivyo rangi mpya itashika unga badala ya ukuta.

Kuhusu bei. Kinachofanya rangi nyeupe ifunike ni unga wa titani. Rangi rahisi sana huwa na unga huo kidogo na chaki nyingi, ndio maana unapaka mara nne na bado unaona alama za mpangaji aliyehama. Na hii iniume mimi peke yangu? Madini ya kutengenezea unga huo yalichimbwa hapa Kwale na Base Titanium, na kuanzia 2014 yakawa yanapakiwa melini hapo Likoni, hadi uchimbaji ukafungwa mwisho wa 2024. Weupe wa kuta za watu duniani umepita mlangoni kwetu, sisi tunapakiwa chaki.

Hesabu ya haraka: lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Chumba cha futi 10 kwa 10, kuta peke yake, mikono miwili, ni kama lita 6. Kwa hivyo fundi akikuambia kopo la lita 4 latosha, ama ataongeza maji, ama atakupigia simu saa tisa. Kabla ya yote nunua kopo dogo, paka kipande cha mkono mmoja kwa mmoja kwenye kuta mbili, ukiangalie asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwa imewaka. Jikoni na kwa watoto weka inayong'aa kidogo, inapanguswa. Ukuta wenye mabonde weka isiyong'aa, inaficha.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya Joho iliamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Nje waamue wao. Ndani ni kwetu, hata kama tunapanga.

Na hapo niko na neno kwa wenye nyumba. Unapaka rangi ya chaki juu ya ukuta unaovuja chumvi, mpangaji anaingia Januari, akihama unakata dipoziti yake "ya rangi". Rangi gani? Hiyo imeng'olewa na ukuta wako. Wapangaji, siku ya kuingia pigeni picha kila ukuta, hasa chini kwenye kona, na mumtumie siku hiyo hiyo kwa WhatsApp. Siku ya kuhama mtaongea vizuri.