Kisiwa cha Kwanza

Msomaji wangu, kila likizo inapokaribia, mimi huwasikia vijana wa mitaa yetu ya Eastlands, tangu Kaloleni hata Umoja, wakijadiliana jambo moja: lau wangepata nauli, wangezuru kisiwa gani? Mmoja husema Ushelisheli, wa pili Morisi, wa tatu Maldivi. Ukiwauliza sababu, hujibu kuwa mchanga wa huko ni mweupe na bahari yake ni ya buluu. Sijapata kumsikia aliyetaja Pate.

Mimi ni mwalimu na mkaaji wa mitaa hiyo, wala siwacheki. Alalaye chumba kimoja na ndugu wanne ana haki ya kuota upeo wa bahari. Ugomvi wangu ni juu ya kipimo chao. Kisiwa hakichaguliwi kwa rangi, kama kitambaa dukani. Mchanga mweupe uko Diani, na maji ya buluu yako Watamu. Ikiwa hayo ndiyo yatafutwayo, basi aendaye mbali zaidi hurudi na majivuno tu.

Kipimo cha haki ni swali hili: kisiwa hicho kina nini cha kukufunza, nawe una nini cha kukiuliza?

Hebu jipime. Umesikia habari za utendi ambao Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake mwaka 1858. Umesikia jina la Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa. Lugha sanifu unayotahiniwa kwayo ilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928. Pate, Mombasa, Unguja: vyote vitatu ni visiwa! Lugha yako ililelewa na bahari, nawe wataka kwanza kuiona bahari mahali ambapo salamu yako haitaitikiwa.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Watu hutoka Ulaya kuja kutazama milango yake ya nakshi, na vichochoro ambamo mizigo huchukuliwa na punda. Je, si aibu mgeni aujue mlango wa nyumba yenu kuliko wewe?

Atasema mtu: safari za mbali hupanua akili. Kweli, wala sizikatazi. Nakataa kuruka kizingiti. Asiyejua kwao atalinganisha ugeni na nini? Mwingine atasema: Lamu ni mbali, na fedha ni haba. Kweli pia. Basi anza na Mombasa, ambayo wengi huizuru wasikumbuke kuwa ni kisiwa. Treni iliyoanza safari zake mwaka 2017 itakushusha Miritini, ungali bara; ukivuka Makupa ndipo uingiapo kisiwani. Itazame Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kisha ingia Mji wa Kale kwa adabu, uamkie wazee, usikilize. Utasikia maneno uliyodhani yamo vitabuni tu yakitumika kununulia samaki.

Ukiisha kuyasikia hayo, nenda Ushelisheli ukipenda. Wenyeji wa huko watakapokuuliza habari za kwenu, utakuwa na la kuwasimulia.