Pikipiki ya Kitengela na Radhi ya Mama



Mama mmoja wa Kibokoni, Mombasa, ametuletea barua ambayo tumeisoma mara tatu kabla ya kuijibu. Mwanawe wa pekee anafanya kazi Athi River na amepanga nyumba Kitengela pamoja na mkewe. Kijana anataka pikipiki moja ya kumfikisha kazini siku za wiki, na ambayo Jumapili ataipeleka kiwanja cha mbio. Amekwisha kuichagua: Yamaha R6 iliyotumika. Fedha zake hazitoshi, na zilizopungua anamwomba mama azitoe katika akiba yake ya Umra. Pamoja na fedha, ameomba radhi. Mama anatuuliza: radhi ataitoaje kwa kitu asichokijua?

Swali ni la haki. Kumwambia kijana kwamba pikipiki zinaua hakutoshi, kwani maneno hayo ameyasikia tangu utotoni. Mmoja wetu ana jamaa Kitengela, na tulipokwenda kumzuru tulichukua fursa ya kuitazama njia anayopita kijana huyo.

Barabara ya Namanga inapopita Kitengela hubeba malori, matatu, bodaboda na mikokoteni, na mara kwa mara hupitishwa mifugo ya Wamaasai. Mvua ikinyesha, magari yatokayo vichochoroni huacha udongo mweusi juu ya lami, nao huteleza kama sabuni. Ukiupita mji kuelekea Isinya na Kajiado, nchi hufunguka. Upepo wa nyanda za Kaputiei hukupiga ubavuni, na hapo ndipo wenye pikipiki kubwa hushawishika kukaza mwendo.

Sasa tuitazame R6. Injini yake ni ya cc 599, na nguvu yake kamili haitoki mpaka izunguke zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Gia ya kwanza peke yake inaweza kuifikisha zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mijini sheria inamruhusu kilomita 50. Yaani kijana akitii sheria, anaweza kutoka nyumbani mpaka kazini asiihitaji gia ya pili! Mikono ya usukani imeshuka chini, kwa hiyo uzito wa mwili hulala juu ya viganja. Na katika msongamano joto la injini humpanda mapajani. Isitoshe, Yamaha iliacha kuiuza R6 ya barabarani huko Ulaya baada ya mwaka 2020, basi anayoitazama yadi imekwisha kupita mikono ya watu, na hajui ilianguka mara ngapi.

Atasema, bila shaka, kwamba hiyo ndiyo pikipiki ya kiwanjani. Hapa tuna neno ambalo huenda likamshangaza mama: kiwanja hakitutii hofu kama barabara. Upande wa Athi River, si mbali na Kitengela, kuna uwanja wa Whistling Morans, unaojulikana zaidi kwa vigari vidogo vya karti. Siku ya kiwanja, kwa desturi ya michezo hii duniani, si mashindano; hakuna kombe wala dau. Waendeshaji hugawanywa kwa uzoefu, pikipiki hukaguliwa, na kila mmoja huzunguka akijifunza kushika breki na kuingia kona. Hakuna lori linalokuja mbele yake wala mbuzi wa kukatiza. Kijana mwenye hamu ya mwendo ni afadhali aimalize huko kuliko njia ya Kajiado.

Lakini kiwanja cha karti kina kona za kubana na nyoofu fupi. R6 huko ni jahazi katika mkondo wa mikoko. Pikipiki ndogo, nyepesi, hugeuka upesi na humsamehe anayekosea. Kawasaki Ninja 400, kwa mfano, ina injini ya cc 399 na uzito wa kilo 168 hivi ikiwa na mafuta, ilhali R6 hufika kilo 190. Ninja 400 ina sura ya mbio anayoipenda kijana, lakini mikono yake iko juu kidogo na kiti chake ni cha chini. KTM 390 Duke nayo imekuwa ikiundwa India na kampuni ya Bajaj, hiyo hiyo inayotengeneza Boxer za bodaboda wetu. Yoyote atakayoichagua, iwe na breki za ABS, zinazozuia gurudumu kukwama ghafla juu ya udongo ule mweusi. Na kabla ya kulipa aulize vipuri vinapatikana wapi na kwa siku ngapi.

Mkewe asisahauliwe. Kiti cha nyuma cha R6 ni kipande kidogo kilichoinuka juu, na vikanyagio viko karibu na makalio. Nasi kina mama wa pwani tuna ada mbaya ya kupanda pikipiki upande mmoja, buibui likipepea. Nguo ikinaswa na mnyororo au spoki humvuta mtu chini kabla hajapata kupiga kelele. Bibi huyo akikubali kupanda, akae kwa kupanua miguu, avae suruali pana ndani, alikusanye buibui na kulikalia, na mtandio aufunge ndani ya koti. Kofia ngumu ni haki yake pia, si ya dereva pekee. Sheria ya Kenya yamlazimisha abiria kuivaa kama inavyomlazimisha anayeendesha.

Kuhusu bima, kijana aisome hati yake mpaka mwisho. Bima nyingi huondoa madhara yanayotokea katika mbio au majaribio ya mwendo, na atakachovunja kiwanjani huenda akakilipa mwenyewe. Ikiwa atahitaji kuongezewa fedha, asikimbilie mkopo wa riba unaotolewa kwa dakika tano kwenye simu. Benki za Kiislamu nchini, kama Gulf African iliyoanza kazi mwaka 2008, zina njia ya murabaha, ambapo benki hununua kitu kisha humuuzia mteja kwa bei inayojulikana. Aulize kama pikipiki ya aina hiyo wanaikubali.

Ama akiba ya Umra, mama, iache ilipo. Pikipiki ya cc 400 au chini yake kijana anaweza kuikusanyia kwa mshahara wake, hata kama itamchukua miezi kadhaa zaidi, na katika miezi hiyo aende shule ya udereva akapate leseni ya pikipiki, ikiwa hajaipata. Fedha itakayosalia inunue koti lenye kinga za mabega na viwiko, glavu na viatu vinavyofunika vifundo. Siku ya kiwanjani huenda akatakiwa suti kamili ya ngozi. Suti hiyo hubana mwili; avae kitu kipana juu yake akitoka kiwanjani.

Radhi ni yako, wala hatuwezi kukutolea. Ukiridhika, tungependa kofia umnunulie wewe, mpya, kwani kofia iliyokwisha kugonga chini haitumiki tena hata kama rangi yake inang'aa. Akija Mombasa chukua utepe wa fundi cherehani, uuzungushe kichwani mwake juu kidogo ya nyusi, upite nyuma pale kichwa kilipojaa, uandike sentimita. Dukani aivae kwa dakika kumi. Ikimbana mashavu bila kumuumiza, na ukijaribu kuizungusha kwa mikono yako ngozi ya uso ikafuatana nayo, hiyo ndiyo yake.