Namba Moja ya Sukari Haitoshi, Tuandike Zote



Siku hizi tukipita nyumba kwa nyumba, wagonjwa wa kisukari wanatuuliza swali moja. Wameona kwenye simu picha za jamaa zao waliohamishiwa Marekani, Kanada au Ulaya, wakiwa na kidude cha mviringo kilichobandikwa kwenye mkono. Wamesikia kwamba kinapima sukari mchana na usiku bila kutoboa kidole kila mara. Wanauliza: "Na sisi wa kambini je?"

Swali hilo ni la haki, na siwezi kumlaumu anayeuliza. Lakini maoni yangu ni haya: kidude peke yake hakimponyi mtu. Kinachomsaidia yule jamaa wa Ulaya ni namna namba zake zinavyopangwa na kusomwa. Kazi hiyo ya kupanga na kusoma tunaweza kuianza hapa hapa kwa daftari na kalamu. Tukiendelea kutegemea namba moja ya siku ya kliniki, wazazi wetu wataendelea kuambiwa kwamba hali ni nzuri huku miguu na macho yanaharibika.

Kwanza tukielewe kidude chenyewe. Kinaitwa kihisi cha sukari. Kina uzi mwembamba unaoingia kidogo chini ya ngozi. Uzi huo haupimi damu, bali unapima sukari katika majimaji yanayozunguka chembe za mwili. Sukari ikikutana na dawa iliyopakwa kwenye uzi, hutokea umeme mdogo sana, na mashine inaugeuza umeme huo kuwa namba. Vihisi vingi hutoa namba kila dakika 1 au kila dakika 5. Kwa kile cha dakika 5, saa moja ina namba 12, siku nzima ina namba 288, na wiki mbili zina namba 4,032. Hakuna daktari atakayekaa kusoma namba 4,032 moja moja. Ndiyo maana lazima zipangwe, na mpango wenyewe una hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kukagua namba zenye shaka. Mtu akilalia mkono wenye kihisi, namba inaweza kushuka wakati sukari ya damu haikushuka. Tena kihisi huchelewa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa haraka. Kwa hiyo si kila namba inaaminiwa kwa macho yaliyofumbwa.

Hatua ya pili ni kupanga kwa saa. Siku zote 14 zinawekwa kwenye ukurasa mmoja wa saa 24, ili saa 8 za usiku zote zikae mahali pamoja, na saa 7 za mchana vivyo hivyo. Hapo daktari anaona wakati gani wa siku ndio wenye shida.

Hatua ya tatu ni kuhesabu muda. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba, kwa watu wazima wengi wenye kisukari, sukari ikae kati ya milimoli 3.9 na 10.0 kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda, yaani kama saa 17 kwa siku. Muda wa kuwa chini ya 3.9 usifike asilimia 4, yaani karibu saa moja tu kwa siku. Wazee na wagonjwa walio katika hatari ya kushuka sukari wana lengo lao tofauti, na mama mjamzito ana lake kali zaidi.

Utauliza, kwa nini wasichukue wastani tu? Tazama mfano huu. Mgonjwa wa kwanza amepima mara tatu akapata 9, 10 na 11. Wastani wake ni 10. Mgonjwa wa pili amepata 3, 10 na 17. Wastani wake pia ni 10. Lakini wa pili yuko hatarini pande zote mbili: usiku anaweza kuzimia, na mchana sukari inamharibu mishipa. Wastani umewafanya waonekane sawa. Ikiwa wastani wa namba tatu unaweza kuficha hivyo, namba moja ya asubuhi ya kliniki inaficha mangapi?

Tena tusemezane ukweli, kwa heshima kwa walionizidi umri. Wapo wanaopunguza chakula siku mbili kabla ya kliniki ili namba ionekane nzuri. Muuguzi anafurahi, dawa inabaki ile ile, na mgonjwa anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kliniki si mtihani wa shule, baba na mama zangu. Namba mbaya iliyoandikwa kwa ukweli inaleta dawa sahihi.

Sasa tufanyeje? Daftari la kawaida la shule linatosha. Piga mistari, uwe na sehemu ya tarehe, saa, namba, chakula ulichokula, dawa uliyotumia, na sehemu ya mambo mengine kama homa, kulima, au siku ya mgao.

Hiyo siku ya mgao nawaomba msiiache. Baada ya mgao nyumba nyingi zinakula ugali mara mbili kwa siku. Mgao ukiisha, nyumba hiyo hiyo inakula mara moja, na pengine inalala na uji. Mgonjwa anayejichoma insulini kwa kipimo kile kile mwezi mzima anaweza kuwa na sukari ya juu mwanzo wa mwezi na sukari ya kushuka mwishoni. Akipimwa siku moja tu, hakuna atakayeliona jambo hilo. Daftari likiwa na tarehe, daktari ataliona, na ndiye atakayepanga upya dawa. Usibadilishe kipimo cha insulini peke yako.

Vijiti vya kupimia ni vichache, najua. Basi tusivimalize vyote asubuhi. Mwenye vijiti vitatu kwa wiki apime Jumatatu kabla ya kula asubuhi, Jumatano kabla ya chakula cha jioni, na Jumamosi saa mbili baada ya kula. Wiki nne zikipita atakuwa na namba 12 za nyakati tatu tofauti. Huo ndio upangaji wa saa ule ule wa kihisi, ila ni mdogo. Anayetumia insulini amwombe muuguzi mpango wake mwenyewe, kwa kuwa anahitaji kupima zaidi.

Na sisi pia tukague namba zenye shaka. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha ikauke. Aliyetoka kumenya embe au kutafuna muwa akitoboa kidole bila kunawa, mashine itapima na sukari ya embe. Funga kopo la vijiti mara moja, kwa maana unyevu na joto huviharibu. Angalia tarehe ya mwisho. Namba ikikushangaza, nawa, upime tena kama kijiti kipo, na uandike zote mbili bila kufuta.

Kuna jambo lingine linalotuchanganya. Wengi wetu tumetoka Kongo na Burundi na kadi zinazoonyesha sukari kwa gramu au miligramu, na huku kliniki mashine inasoma milimoli. Sukari ya 1.26 kwa gramu ni 126 kwa miligramu na ni 7.0 kwa milimoli. Ni sukari ile ile. Kupata miligramu, zidisha milimoli mara 18. Mtu akiona kadi ya zamani ina 1.8 na ya sasa ina 10, asidhani amezidiwa. Hizo ni sawa. Lakini usipoandika kipimo, muuguzi mgeni anaweza kukosea. Jamaa akikutumia mashine kutoka nje, ilete kwanza kliniki tuone inasoma kwa kipimo gani.

Wapo watakaosema: namba za mkimbizi zitabadili nini? Nawajibu kwa mfano wa kambi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya. Kanuni ilikuwa kwamba insulini ikishafunguliwa isizidi joto la nyuzi 25, jambo gumu kwa mtu asiye na friji. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba za kambi, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walijaribu insulini katika joto hilo hilo, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Namba zilizoandikwa ndani ya nyumba za wakimbizi zilileta jibu hilo. (Hii si ruhusa ya kuacha insulini juani. Itunze kwenye chungu chenye ubaridi na ufuate maagizo ya kliniki.)

Wengine watasema hawajui kuandika. Mtoto anayesoma shule aandike, au jirani, au sisi wahudumu tukipita. Wengine watasema, "Sukari ikipanda nitajisikia." Hapana, ndugu yangu. Sukari inaweza kuwa juu kwa miezi na mtu akaendelea kulima bila maumivu yoyote. Ile ya kushuka ndiyo huonekana upesi: kutetemeka, jasho, njaa kali, kuchanganyikiwa. Ukiona hivyo, au namba ikiwa chini ya 3.9, chukua vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Mlaze ubavu na umkimbize kliniki.

Kwa wakubwa wetu wa kliniki nina maombi mawili. Wagonjwa wa insulini wapewe vijiti kwanza kabla ya wengine. Na mgonjwa akileta daftari, lifunguliwe na lisomwe mbele yake, hata kwa dakika tano. Mgonjwa ambaye daftari lake halisomwi ataacha kuandika, na hatutakuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe.

Vihisi vikija kambini siku moja, tutavipokea kwa mikono miwili. Atakayefaidika navyo upesi ni yule ambaye tayari amezoea kuuliza: saa ngapi, nilikula nini, na jana saa kama hii ilikuwaje? Wasiliana na mhudumu wa afya wa mtaa wako, akuchoree mistari ya ukurasa wa kwanza.

Ni mimi,
Mhudumu wa afya wa kujitolea